Somo la Bustani: Kuziponya Okidi Zilizoachwa, Zipate Kuchanua Tena



Katika mlango wa 13 wa Injili ya Luka, aya ya 6 hata ya 9, tunasoma mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba ataka ukatwe, kwa kuwa amengoja miaka mitatu bure. Lakini mtunzaji amwomba mwaka mmoja tena, apate kuuchimbia na kuutilia samadi. Mfano huu tumeufundisha mara nyingi, nasi twaujua. Leo nataka tuutazame kwa msaada wa mmea mwingine, usiofanana na mtini hata kidogo, nao ni okidi. Sehemu kubwa ya somo ni kazi ya mikono, maana mtu asiyejua kazi ya mtunzaji hawezi kuufahamu vema mfano wa mtunzaji. Maneno ya roho yatafuata mwishoni.

1. Habari ya vikapu vitatu

Katika nyumba moja ya zamani huku kwetu Gare palikuwa na vikapu vitatu vya okidi, vimetundikwa barazani. Mama aliyevitunza alifariki mwaka 2019. Tangu siku ile hapana aliyeviangalia. Buibui walivifunika, majani yakakunjamana, na kikapu kimoja kilioza kamba kikaanguka chini. Mwaka 2021 vijana walikuja kuipaka nyumba chokaa kabla ya Krismasi, wakataka kuvitupa jalalani. Mzee mwenye nyumba, mume wa marehemu, akaniambia, "Mwalimu, mimi macho yangu hayaoni vizuri, siwezi kuvitunza. Lakini usiwaache wavitupe. Chukua wewe, ujaribu mwaka mmoja."

Nilivichukua. Nami nasema kweli mbele yenu: nilivichukua bila maarifa. Nilijua kulima kabichi na kahawa, nikadhani mmea ni mmea. Nililowesha vikapu vyote kila siku, na kile kilichokuwa dhaifu kuliko vyote nikakijaza samadi mbichi ya ng'ombe, kwa kuwa nilikihurumia sana. Baada ya majuma matatu mizizi yake yote ilikuwa imeoza, nao mmea ukafa. Haukufa kwa kuachwa, maana miaka miwili ya kuachwa ulikuwa umeistahimili. Uliuawa na huruma yangu isiyo na maarifa. Ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, na hayo niliyojifunza nawaandikia hapa, ili mwingine asirudie kosa langu.

2. Okidi ni mmea wa namna gani

Jamaa ya okidi ni kubwa mno. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 25,000 ulimwenguni. Nyingine huota ardhini, kama zile za uwanda wa Kitulo katika nyanda za juu za kusini. Lakini nyingi za milima yetu ya Usambara huota juu ya miti. Watu wengi hudhani kwamba zanyonya utomvu wa mti kama kupe anyonyavyo damu. Sivyo. Okidi yaushika mti kwa mizizi yake ili isianguke tu, kama mtoto ashikavyo mgongo wa mama yake. Chakula chake hupata kwa mvua, kwa umande, kwa ukungu, na kwa takataka ndogo za majani zinazokusanyika penye magome.

Kwa sababu hiyo mizizi yake ni tofauti na mizizi ya mahindi. Imevikwa ngozi nene nyeupe iliyo kama sifongo. Mvua ikinyesha, ngozi hiyo hunywa maji upesi, na mzizi huonekana wa kijani. Mvua ikiisha, hukauka tena na kuwa mweupe. Mzizi wa namna hii wataka hewa kama unavyotaka maji. Ukiuzika katika udongo mzito, au ukiulowesha usiku na mchana, wasongwa pumzi na kuoza. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushikwa: okidi nyingi zinazotunzwa nyumbani hufa kwa maji mengi, si kwa kiu.

Katika vikapu vile vitatu zilikuwamo aina tatu. Ya kwanza ni ya jamii iitwayo Aerangis, yenye maua meupe kama nyota. Kila ua lina mrija mwembamba nyuma yake, na ndani ya mrija mna asali. Maua hayo hutoa harufu wakati wa usiku, kwa kuwa huwaita nondo warukao gizani. Kisiwani Madagaska iko okidi ya namna hii ambayo mrija wake wapata karibu sentimeta 30. Mtaalamu Charles Darwin aliiona akaandika mwaka 1862 kwamba hapana budi yuko nondo mwenye ulimi mrefu kadiri hiyo. Watu wengine walimcheka. Lakini mwaka 1903, yeye akiisha kufa, nondo wa namna hiyo alitangazwa na wataalamu. Ya pili ilikuwa ya jamii ya Polystachya, mmea mdogo. Ndiyo niliyoiua mimi. Ya tatu ni ile iitwayo Ansellia, yenye mashina marefu manene na maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Hiyo ililetwa kutoka nchi ya chini, upande wa Mombo.

3. Jinsi ya kujua kama iko hai

Usihukumu kwa majani peke yake. Ziko okidi, kama zile za jamii ya Microcoelia, zisizo na majani kabisa maisha yao yote. Mizizi yao ya kijani ndiyo ifanyayo kazi ya majani. Mtu asiyejua huona fungu la nyuzi akalitupa, kumbe ni mmea mzima wenye afya.

Tazama mizizi. Ibonyeze polepole kwa vidole. Mzizi ulio hai ni mgumu. Ukiulowesha hugeuka kijani. Mzizi uliokufa ni wa kahawia, laini, nao hupasuka na kubaki uzi mtupu wa katikati. Kisha tazama moyo wa mmea, mahali majani yanapotoka. Ikiwa pale ni pagumu na pana rangi ya kijani, tumaini lipo, hata kama imebaki mizizi miwili tu. Ikiwa pale pameoza na kunuka, hapana la kufanya. Kwa zile zenye mashina manene, shina lililonyauka si shina lililokufa. Mara nyingi jicho moja chini yake laweza kuchipuka.

4. Kazi ya kuiponya

Ukiisha kujua kwamba iko hai, fuata mambo haya kwa taratibu.

Kwanza, itoe katika kikapu au chungu chake cha zamani. Loweka mizizi katika maji ya mvua kwa muda wa nusu saa, ili ilegee isivunjike. Mzizi ulioshika ubao kwa nguvu usiung'oe. Afadhali kukata kipande cha ubao pamoja nao.

Pili, kata mizizi yote iliyokufa, na majani yaliyooza. Tumia kisu kikali kilichopitishwa motoni, ukipitishe tena kila unapohamia mmea mwingine, maana ugonjwa huchukuliwa na kisu. Penye kidonda pakaa vumbi la mkaa, ukaache mmea kivulini siku moja au mbili ili vidonda vikauke.

Tatu, itengenezee makao mapya. Zile zenye mizizi mirefu, kama Aerangis, hupenda kufungwa juu ya kipande cha gogo au gome gumu. Tumia uzi laini wala si waya, kwa sababu waya hukata mizizi. Nyingine zaweza kutiwa katika kikapu kilicho wazi au chungu chenye matundu mengi, ndani yake vipande vya magome ya msonobari, makumbi ya nazi na mkaa uliovunjwa vipande kama vya njugu. Usitie udongo wa shamba hata kidogo. Vitu hivi navyo huoza baada ya miaka miwili au mitatu, vikawa kama udongo. Wakati huo sharti vibadilishwe.

Nne, itundike mahali penye kivuli chepesi na hewa inayopita. Chini ya mti wenye majani machache ni pazuri, au barazani upande wa mashariki ipate jua la asubuhi. Mmea usio na mizizi ya kutosha hauwezi kunywa maji mengi. Basi nyunyizia majani asubuhi, kisha acha yakauke kabla ya usiku. Huku Gare ukungu wetu hufanya nusu ya kazi hiyo.

Tano, ngoja. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kwa muda wa miezi miwili, mitatu, hata sita, waweza usione lolote. Usiufungue mmea kila juma kuutazama. Siku moja utaona ncha ya mzizi mpya, ya kijani au ya rangi ya kutu, ikitoka penye moyo wa mmea. Ndiyo dalili kwamba mgonjwa ameanza kula.

Sita, hapo ndipo uongeze maji, na hapo ndipo chakula kiruhusiwe. Loweka samadi iliyooza vizuri katika ndoo, uchuje, kisha uongeze maji mpaka rangi yake iwe kama chai nyepesi sana. Mpe mmea kidogo mara moja kila majuma mawili wakati inapokua. Ukinunua mbolea ya dukani, tumia robo ya kipimo kilichoandikwa. Na kila mwezi mara moja suuza mizizi kwa maji matupu, ili chumvi isikusanyike.

5. Kuifanya ichanue

Labda mtu atasema, "Yangu ina afya, majani yake ni ya kijani kibichi sana, lakini miaka mitano haijatoa ua." Huyo nami namwuliza: imewekwa mahali gani? Majani yaliyo ya kijani kizito na malaini ni dalili ya giza. Okidi isiyopata nuru ya kutosha huishi, lakini haichanui. Isogeze penye nuru zaidi, kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa, maana jua la ghafula huunguza majani. Jani lenye rangi ya kijani hafifu ndilo la mmea ulio tayari kuchanua.

Tena, okidi nyingi hutaka majira. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, zinakunywa na kukua. Ikija baridi ya Juni na Julai, hupumzika. Wakati huo punguza maji, wala usiipe mbolea. Usiilete ndani ya nyumba karibu na jiko kwa kuihurumia. Aina za milimani huhitaji usiku wa baridi baada ya mchana wa joto kidogo, na tofauti hiyo ndiyo huziamsha nyingi kutoa vikonyo vya maua. Kikonyo kikitokea, usiugeuzegeuze mmea wala kuuhamisha, maana matumba huanguka.

Aina nazo hutofautiana. Ansellia yataka jua jingi na joto, na ukavu baada ya kukua. Hapa Gare, penye ukungu na baridi, ilikuwa hai lakini haikutoa hata tumba moja. Hapakuwa na kosa katika mmea. Kosa lilikuwa mahali.

Sasa niwaambie mwisho wa vikapu vile. Ile Polystachya ilikufa, kama nilivyosema. Ile Aerangis niliifunga juu ya gogo mwaka 2022. Ilikaa miezi mitano bila mzizi mpya, kisha ikatoa miwili. Mwaka 2023 ikatoa kikonyo kimoja chenye maua saba. Niliirudisha barazani kwa mzee saa za jioni, wala sikumwambia neno. Tulikaa tukizungumza habari za usharika. Giza lilipoingia alinyamaza, akainua uso, akasema, "Mwalimu, mama amechanua." Alikuwa ameisikia harufu kabla ya mtu yeyote kumwonyesha. Ile Ansellia tuliiteremsha kwa binti yake anayekaa Mombo. Ina machipukizi mapya, lakini ua bado. Tunangoja.

6. Msitu si ghala ya kupora

Mtu akiisha kupenda okidi huanza kuzitamani zile za msituni. Hapa nawaonya. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake; haiwezi kuota isipokutana na kuvu wa namna ifaayo atakayeilisha. Kwa hiyo kati ya mbegu nyingi sana zilizopeperushwa na upepo, ni chache mno zinazopata kuwa mimea, na mmea huo huweza kupita miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza. Anayebandua okidi moja kubwa mtini aondoa kazi ya miaka mingi.

Msitu wa Magamba ulio juu ya Lushoto ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, nao walindwa kwa sheria. Hapana ruhusa kung'oa mmea humo. Tena okidi zote zimo katika mapatano ya mataifa yaliyofanywa Washington mwaka 1973, ambayo nchi yetu imo, kwamba zisiuzwe nchi za nje bila kibali. Kule kusini, watu wamechimba viazi vya okidi za ardhini kwa wingi na kuvipeleka Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kuchimba kiazi ni kuua mmea. Uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na maua yake ni sababu kubwa ya kulindwa kwake.

Milima yetu yenyewe yatufundisha. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao Ulaya ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia kwa ajili yake. Leo hutunzwa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Lakini katika misitu mizazi yake, aina kadhaa zimekuwa adimu kwa sababu ya kukatwa miti. Je, si aibu kwamba wageni watunze mzaliwa wetu, nasi wenyeji tumpoteze?

Ukitaka okidi, omba chipukizi kwa mwenye nazo. Au mti ukiangushwa katika shamba lako kwa haki, tazama matawi yake kabla ya kuyachoma kuni. Ukiona okidi, iokoe, uifunge katika mti mwingine ulio karibu. Hiyo ni kazi njema ya watoto wa shule ya Jumapili.

7. Maana yake kwetu

Turudi kwenye mfano wetu. Mtunzaji wa mtini alijua dawa ya mtini: kuchimba na kutia samadi. Lakini mimi niliitumia dawa ya mtini kwa okidi, nikaua. Basi tusiseme kwamba mfano wafundisha samadi. Wafundisha kwamba mtunzaji aliujua mti wake, akauombea muda, akajitolea kufanya kazi.

Katika kila usharika wako watu walioachwa: mjane ambaye hapana aendaye kwake tena, kijana aliyekuwa mwimbaji mzuri na sasa haonekani, mzee aliyegombana na wazee wenzake akakaa nyumbani. Sisi walimu mara nyingi twafanya moja la mambo mawili. Ama twasema, "Huyo amekauka, mfute daftarini". Ama twamwendea kwa pupa, tukamjaza maonyo na michango kwa siku moja, naye akazidi kujificha. Aliye dhaifu hawezi kula chakula cha aliye mzima. Kwanza tazama kama mzizi uko hai. Ondoa kilichooza, yaani lile neno baya lililosemwa, ugomvi usiopatanishwa. Kaa naye kivulini. Mpe kidogo, tena mara kwa mara. Ungoje.

Na wengine hawana ugonjwa wowote; wamewekwa mahali pasipowafaa. Mwenye kipawa cha kufundisha watoto amepewa kazi ya kuhesabu fedha, nasi twashangaa kwamba hachanui. Huyo si wa kuonywa. Ni wa kuhamishwa penye nuru yake.

Wala nisiwadanganye kwamba kila kikapu huponywa. Kimoja nilikipoteza kwa kosa langu, na kimoja hakijatoa ua hata leo. Katika Injili nako hatuambiwi kama mtini ule ulizaa mwaka uliofuata. Bwana ametuachia neno hilo bila mwisho, ili kila mmoja wetu achukue jembe lake, au kisu chake kidogo na uzi wake laini, aende kazini.

Maswali ya kuzungumza katika mafundisho

1. Kwa nini okidi haiutii mti hasara, ingawa yakaa juu yake?
2. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba mmea ulionyauka bado uko hai?
3. Samadi ilifaa kwa mtini, ikaua okidi. Jambo hili latufundisha nini juu ya kuwatunza watu?
4. Ni nani katika kijiji chako aliyeachwa miaka miwili au mitatu? Utaanza kwa kufanya nini, na utajizuia usifanye nini?
5. Ni mti gani utakaokatwa karibu nanyi mwaka huu, na nani atakayetazama matawi yake kabla ya kuni?